Dilolo: shaba inapita, mukanda utaandikwa lini?

Siku hizi Dilolo inatajwa sana, lakini kama mulango tu, pahali pa kupitishia shaba na kobalti kwenda Lobito. Reli ya upande wa Angola, kilomita 1,344 mpaka Luau, ilipewa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis mwaka 2022 kwa miaka 30. Wakubwa wanahesabu tani. Vitu vya wazee, nani anavihesabu?

Si mara ya kwanza reli kuamua mambo ya Dilolo. Mwaka 1927 Wabelgiji walitaka udongo kidogo karibu na Matadi kwa ajili ya reli yao. Wareno wakawapa kilomita za mraba 3 hivi. Bei yake? Kilomita za mraba 3,500 hivi za huku kwetu, ile sehemu waliita « botte de Dilolo ». Watu walilala kwa Mbelgiji, wakaamuka kwa Mreno.

Mupaka haukukata desturi. Wachokwe, Walunda na Waluvale wako Congo, Angola na Zambia, na mukanda ni ule ule: vijana wanaingia porini, wanatahiriwa, wanafundishwa, makishi yanawalinda. Mwana Pwo ni sura ya mwanamuke kijana, lakini mwenye kuivaa ni mwanaume, na wamama wanapiga makofi.

Sasa angalia nani ameandikisha nini. Makishi yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, kwa jina la Zambia. Sona, ile michoro ya muchanga ambayo kidole kinazunguka nukta bila kuinuka, iliandikwa 2023 kwa jina la Angola. Angola iko tena na museum ya Dundo, ya toka 1936, wakati wa kampani ya almasi Diamang. Mukongomani mwenzetu, marehemu Sindika Dokolo, ndiye alitafuta Ulaya vitu vya Kichokwe vilivyopotea mule, akavirudisha. Congo yetu iliandikisha rumba mwaka 2021, pamoja na Brazzaville. Vizuri, wote tunaicheza. Lakini mutoto wa Dilolo akiuliza makishi ni ya nani, karatasi inamujibu: ya jirani.

Kuandikisha kunaomba feza: kutembelea vijiji, kurekodi wazee, kuandika dosie. Kode ya migodi ya 2018 inagawa redevance hivi: 50 % kwa leta ya Kinshasa, 25 % jimbo, 15 % kwa ETD yenye mugodi, 10 % mufuko wa vizazi vijavyo. Dilolo ambako shaba inapita tu haiwezi kungojea ile 15 % ya migodi ya Kolwezi. Inabakia 25 % ya jimbo, na Dilolo ni teritware ya Lualaba sawa na zingine.

Kuna wenye kusema mukanda umekufa, kwa sababu watoto wengi wa kambi wanatahiriwa hospitali, siku moja, kwisha. Mimi sioni hivyo. Wembe unaweza kuwa wa muganga wa hospitali. Mafundisho, nyimbo na kuchonga sura ndivyo vinakosa mwalimu, na mwenye kuvijua anazeeka.

Bajeti ya jimbo inapigiwa kura hapa hapa Kolwezi. Wabunge waliochaguliwa Dilolo wanakaa mule. Wanaweza kuulizwa: mustari wa utamaduni uko na franka ngapi, na ngapi zilifika Dilolo?