Skrubu Haitibu Injini Isiyotulia

Injini ya petroli iliyokwisha kupata moto, gari likiwa limesimama na dereva hakukanyaga mafuta, yapasa kuzunguka taratibu, kwa kawaida mara 700 hadi 900 kwa dakika. Katika gereji za Tanzania mwendo huo huitwa sailensi. Ukianza kupanda na kushuka, au injini ikatetemeka na kutaka kuzima, dawa iliyozoeleka tangu enzi za kabureta ni kukaza skrubu ili mwendo uongezeke. Mtetemeko hupungua, mwenye gari hulipa, naye huondoka na ugonjwa wake.

Mara nyingi ugonjwa huo ni ufa katika mpira au gasketi. Injini inapozunguka taratibu, kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa, na kanieneo katika bomba la kuingizia hewa hushuka hadi kiasi cha theluthi moja ya ile ya nje. Hewa basi hufyonzwa kupitia ufa huo kwa njia ya panya. Kwa kuwa hewa halali ni kidogo, hiyo ya magendo huwa sehemu kubwa ya jumla, na huvuruga uwiano unaotakiwa wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Dereva akikanyaga mafuta, kilango hufunguka, tofauti ya kanieneo hupungua, hewa halali huwa nyingi, na ufa uleule hauonekani tena. Ndiyo maana gari hulalamika kituoni likanyamaza barabarani.

Plagi iliyochoka nayo hujificha vivyo hivyo. Injini ya silinda nne na mipigo minne, ikizunguka mara 800 kwa dakika, huwasha mafuta kila baada ya sekunde 0.0375. Silinda moja ikikosa moto, pengo huwa maradufu, na kazi ya kulivusha huachiwa flaiwili. Lakini nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo: kwa mizunguko 800 flaiwili hiyo ina takriban sehemu moja tu kati ya 14 ya nishati iliyo nayo kwa mizunguko 3,000.

Katika magari mengi ya siku hizi kompyuta imechukua nafasi ya skrubu. Mizunguko ikipungua, huongeza hewa na mafuta, ikizidi, hupunguza. Hata hivyo matokeo ya amri hayaonekani papo hapo, hivyo marekebisho huweza kupita kipimo upande huu, kisha upande wa pili, mwendo ukawa kama bembea. Tabia ya namna hiyo katika vidhibiti mwendo vya mashine ilichambuliwa kwa hisabati na James Clerk Maxwell mwaka 1868, kabla ya magari ya petroli kuingia barabarani. Kinachosikitisha ni kwamba kishawishi cha skrubu kimegeuka kuwa kishawishi cha duka la vipuri: hubadilishwa kifaa hiki, kisha kile, vyote vizima, na ufa wa mpira wa bei ndogo ukabaki palepale.

Hasara si ya fedha tu. Huenda mpira uliopasuka ukawa ule wa busta ya breki. Anayepandisha sailensi bila kuutazama ameituliza injini na kuacha breki zikiwa nzito. Aidha, gari la gia otomatiki lenye sailensi ya juu hutaka kuruka mara dereva anapoingiza gia, awe yupo mtu mbele au hayupo.

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanieneo, nishati mwendo na mipigo minne, kila kimoja katika sura yake, kisha akatakiwa kuvitaja katika mtihani. Ni afadhali mara moja aulizwe kwa nini injini yenye ufa hutulia dereva akikanyaga mafuta. Swali hilo halihitaji maabara. Lahitaji gari lililosimama, breki ya mkono iliyovutwa, na mwalimu aliye tayari kufungua boneti.