Aibu ya Gari Isifichwe Chini ya Rangi



Jirani yangu, mwenye watoto watano na mama mzee anayemtunza, alidunduliza fedha kwa miaka minne hadi akanunua Toyota Prado ya safu tatu za viti, iliyokwisha kutumika Japani. Kipimo cha kilomita kilisoma 78,000. Mwezi wa pili giaboksi ikaharibika, na fundi alipoingia chini ya gari akamwonyesha shasi iliyochomelewa. Ndipo alipotafuta nakala ya karatasi ya mnada wa Japani: kilomita 187,000, daraja R, alama ya gari lililopata ajali na kutengenezwa.

Muuzaji, naye ni Mwislamu, alijibu kuwa aliliuza kama lilivyo.

Wengi wetu hudhani kauli hiyo inatosha. Imamu Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akaeleza kuwa kilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni, mvua hakuileta yule bwana. Kosa lake ni kukificha kilicholowa. Basi vipi aliyerudisha nyuma kilomita kwa makusudi?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, sharti la "kama lilivyo" halimvui muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akainyamazia. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha gari na kupewa fedha zake.

Hata hivyo, sisi wanunuzi nasi tuna uzembe wetu. Twasifu rangi na redio, twatoa arbuni, kisha ndipo twaita fundi! Karatasi ya mnada idaiwe kabla ya fedha kutoka, na namba ya shasi ilinganishwe. Pedali zilizolika hazifanani na kilomita chache. Na mama wa watoto aende naye, aketi safu ya tatu, avute kila mkanda. Viti vile hukunjwa miaka mingi, mikanda ikapotea au ikakwama bila mtu kujua, nasi ndipo tunapowapakia wadogo, hatua moja tu kutoka mlango wa nyuma.

Jambo moja hujulikana na wachache: aliyegundua aibu asiendelee kulitumia gari, kwani kulitumia huhesabiwa kuwa ameridhika, na haki yake ya kurudisha huanguka. Jirani yangu aliambiwa hayo na sheikh wa msikiti wetu siku ile ile. Prado imeegeshwa uani, funguo amezipeleka kwa muuzaji mbele ya mashahidi wawili, na yeye anakwenda kazini kwa daladala.