Ganda Kupita Kiini

Miongoni mwa wakusanyaji wa wanasesere wa mashujaa (watengenezaji hawalipendi jina hilo, lakini kuchukia jina hakugeuzi kitu) imeota desturi ya kununua chombo cha kuchezea ili kisiguswe. Wenyewe huiita utunzaji. Kwa hakika ni kuliabudu ganda.

Mwaka 1977, filamu ya Star Wars ilipovuma Marekani, kampuni ya Kenner haikuwahi kutengeneza wanasesere wake kabla ya Krismasi. Basi iliuza bahasha ya kadibodi yenye hati ndani yake. Mnunuzi aliipeleka hati kwa posta, akaletewa wanasesere wanne mwaka 1978. Watoto wale walipewa ganda wakangoja kiini. Wakusanyaji wa leo wamepewa vyote viwili, nao wamekikataa kiini.

Wanasesere waliofuata, wa inchi 3¾, walibandikwa juu ya kadi, chini ya gamba la plastiki angavu lililoshikwa kwa gundi. Ufungaji huo una ila kubwa: haufunguki bila jeraha. Kadi huchanika, na bei huanguka. Ndipo walipozuka wapimaji, ambao kwa ujira huipa alama hata pembe ya kadi, kisha hulifungia gamba ndani ya sanduku la akriliki. Kifungo juu ya kifungo. Hoja yao ni thamani. Lakini thamani hiyo ilizaliwa na nani, kama si watoto waliozichana kadi na kuzitupa hata zikasalia chache? Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu.

Mwaka 2022 kampuni ya Hasbro ilianza kuwatia wanasesere wake katika masanduku yasiyo na dirisha, ili kupunguza plastiki. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2023 ikatangaza kulirudisha dirisha. Lalamiko moja lilikuwa la haki: mnunuzi apaswa kuuona uso uliopakwa rangi vibaya kabla hajalipa, na kujua kuwa mwizi hakubadili kilichomo. Yaliyosalia yalikuwa malalamiko ya watu ambao, wakilifungua sanduku, hujiona wameliharibu, na wasipolifungua hawajui wamenunua nini. Dirisha limewaponya wasiwasi huo, wala halikuugusa ugonjwa. Hasbro hiyo hiyo, ilipomleta G.I. Joe sokoni mwaka 1964, ilimlaza katika sanduku la kadibodi lililofunguka na kufungika tena, bila gundi wala gamba.