Boksi la Simu Litaje Mwaka

Mfugaji wa Kwakoa, kwenye tambarare kati ya milima ya Upare na Ziwa Jipe, akitaka simu janja hushuka Mwanga mjini au Same. Dukani atasifiwa kamera, betri na GB. Simu hiyo itapokea masasisho ya usalama hadi lini? Muuzaji hasemi, na mara nyingi boksi nalo liko kimya. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, hasa wakati huu sauti isiyo na waya inapobadilika.

Mabadiliko yenyewe ni mazuri. Bluetooth tuliyoizoea huunganisha simu na spika moja au jozi moja ya visikilizio. Mfumo mpya, LE Audio, uliotangazwa Januari 2020, hubana sauti kwa ufundi zaidi na kula chaji kidogo. Tawi lake liitwalo Auracast huruhusu chombo kimoja kurusha sauti kwa wasikilizaji wengi kwa pamoja. Mzee mwenye usikivu hafifu, akiwa na kifaa cha kusikia kinachoupokea mfumo huo, angeyasikia mahubiri au mkutano wa kijiji bila kuzongwa na upepo na kelele za watu. Huduma hiyo naithamini kuliko muziki wote.

Ila Android iliubeba mfumo huo kuanzia toleo la 13, mwaka 2022, tena simu iwe na chipu yake. Aliyeachwa nyuma anaukosa, na hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni hii: Septemba 2017 kampuni ya Armis ilifichua BlueBorne, kasoro zilizomwezesha mhalifu aliye karibu kuiteka simu kupitia Bluetooth iliyowashwa, mwenyewe asibonyeze chochote. Google ilitoa kiraka, lakini kiraka humfikia yule ambaye mtengenezaji bado anaihudumia simu yake. Na ndani ya simu hiyo ndimo zinamokaa fedha za mbuzi waliouzwa mnadani.

Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai masasisho kwa miaka 5 angalau baada ya aina ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Sharti hilo hapa laweza kupandisha bei, na maskini ndiye angelipa. Naliona la Uingereza linatufaa zaidi kwa kuanzia: tangu 29 Aprili 2024 mtengenezaji anawajibika kutangaza muda wa masasisho, hata kama ni mfupi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliyozima simu bandia nchi nzima Juni 2016, haishindwi kudai mstari mmoja kwenye boksi.

Kwa simu zilizotumika, duka limwonyeshe mteja tarehe ya kiraka cha mwisho. Ipo kwenye mipangilio. Na kampuni za mtandao zisikate bando kwa masasisho ya usalama, maana anayenunua bando la siku hawezi kulimaliza kwa faili moja.