Petroli au Dizeli: Hesabu ya Mtumishi wa Barabara ya Segera

Wapo watumishi wengi wanaofanya kazi jijini Tanga na kulala kwingine. Muuguzi amejenga Muheza kwa sababu kiwanja cha Muheza kilikuwa ndani ya uwezo wake. Mwalimu amehamishiwa mjini, ilhali mwenzi wake yuko Korogwe na watoto wamekwisha kuzoea shule. Wengine, tukiwamo sisi wahadhiri, hufundisha mjini na kulima kwao. Watu hawa wakikusanya fedha za kununua gari, kwa mkopo au kwa akiba, swali lao la kwanza ni moja: la petroli au la dizeli? Nimeulizwa swali hili mara nyingi kiasi cha kuona kwamba linastahili kujibiwa kwa maandishi, kwani ndani yake mna siasa zaidi kuliko wanavyodhani wenye kuuliza.

Vijiweni jibu ni jepesi: dizeli inakula kidogo. Kwa kiasi fulani ni kweli. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo, bila plagi, na magari mawili yakilingana uzito na umri, la dizeli litakwenda mbali zaidi kwa lita ileile. Tuchukue mfano. Kutoka Korogwe hadi Tanga ni takribani kilomita 90. Kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi ni karibu kilomita 4,000 kwa mwezi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita litataka lita 286 hivi. La dizeli linalokwenda kilomita 18 litataka lita 222. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni kama shilingi 190,000 kwa mwezi. Kwa yule wa Muheza, mwenye kilomita 70 tu kwa siku, tofauti hiyo hushuka hadi shilingi 73,000 hivi. Nozeli zikifa, au turbo, au pampu ikahitaji fundi wa pampu, akiba ya mwaka mzima ya mtu wa Muheza yaweza kwisha kwa siku moja ya gereji.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro kubwa: gari dogo la dizeli la kilomita 18 kwa lita halipatikani kwa urahisi katika soko letu. Tazama maegesho yoyote ya Tanga. Utaona IST, Passo, Vitz, Raum, Carina, yote ya petroli. Magari ya dizeli utakayoyaona ni Prado, Hilux, Pajero na Hiace za abiria, mazito na yenye injini kubwa, ambayo uzito wake humeza faida yote ya dizeli. Kwa hiyo mtumishi anayedhani anachagua baina ya petroli na dizeli, kwa hakika anachagua baina ya gari dogo na gari kubwa.

Uchaguzi huo ulifanyika zamani, tena mbali. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, akiwaonyesha wananchi wake wanachokivuta. Kufikia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilikuwa imepiga marufuku magari ya dizeli yasiyofikia viwango vyao vya moshi. Wajapani wengi walikwisha kuachana na gari dogo la dizeli, na sisi tunaonunua mitumba yao tukapokea walichobakiwa nacho. Sera ya hewa ya Tokyo ikawa, bila mjadala wowote bungeni Dodoma, sera ya usafiri ya Muheza.

Dodoma nayo ina mkono wake. Ushuru wa bidhaa kwa gari la abiria hupangwa kwa ukubwa wa injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haitozwi, inayozidi hapo hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi 2,000 asilimia 10. Gari kuukuu huongezewa tozo ya uchakavu. Magari ya dizeli ya soko letu huangukia mara nyingi katika kundi la juu, ndiyo maana mtumishi huanza kulipia dizeli kabla ya kununua lita ya kwanza. Upande wa mafuta, Serikali imekuwa ikiihurumia dizeli kuliko petroli kwa kuwa ndiyo inayobeba mizigo na abiria. Mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, kila lita iliongezwa shilingi 40. Petroli ikatoka shilingi 339 hadi 379, na dizeli 215 hadi 255. Hata huruma hiyo ya shilingi 124 haitoshi kuhakikisha kwamba dizeli itakuwa nafuu kwenye pampu. Agosti 2022 bei kikomo ya EWURA kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,410 kwa petroli na 3,322 kwa dizeli. Oktoba 2023 mambo yaligeuka: petroli 3,281, dizeli 3,448. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka kumi kwa kutazama bei ya mwezi huu anacheza bahati nasibu.

Kuna pia suala la ubora wa mafuta, nalo lina historia chungu. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka neno uchakachuaji lilivyotawala miaka ya 2010 na 2011. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja wakayachanganya kwenye dizeli, injini zikaumia. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na katika bajeti ya 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushei kwa lita ili mchanganyaji asipate faida. Kama njia ya kuwabana wachakachuaji, haina ubishi. Lakini nani aliyelipa? Ni bibi wa Amani na Maramba aliyekuwa akiwasha kibatari ili mjukuu asome. Hakuwa na gari, wala hakuchakachua chochote. Kila ninaposikia watu wakijadili uhai wa injini za dizeli kana kwamba ni jambo la ufundi tu, humkumbuka bibi huyo.

Injini mpya za dizeli zina udhaifu mwingine. Bomba lao la moshi lina chujio la masizi linalojisafisha kwa joto la safari ndefu. Njia ya Segera ingelifaa, ila gari hilohilo litatumika pia kumpeleka mtoto shule Chumbageni na mama sokoni, safari fupi zinazoliziba. Tena moshi wenyewe si wa kupuuzwa. Juni 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mama lishe wa stendi ya Kange huuvuta tangu alfajiri, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda petroli au dizeli.

Basi jibu langu kwa wanaouliza ni hili. Mtu wa Muheza, Pongwe au Mkinga anunue gari dogo la petroli, lenye vipuri vinavyopatikana kila kona na fundi asiyehitaji kompyuta. Mtu wa Korogwe anaweza kufikiria dizeli iwapo atapata gari jepesi, lenye historia inayojulikana, na kituo cha mafuta anachokiamini. Akikosa kimojawapo, naye abaki na petroli.

Ila sipendi mjadala uishie hapo, kwa sababu mtu wa Korogwe aliye na gari dogo la petroli bado anachoma zaidi ya shilingi 850,000 kwa mwezi katika mfano wetu. Nani katika watumishi wetu wa ngazi ya kati anayeweza kulipa hivyo bila kukopa? Mwaka 2021 tozo ya barabara iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Anayetumia lita 286 analipa shilingi 28,600 kila mwezi kwa nyongeza hiyo pekee. Husemwa kwamba atumiaye barabara zaidi alipe zaidi. Hoja hiyo ina mantiki kwa anayesafiri kwa hiari. Kwa aliyehamishwa kituo bila nyumba, ni adhabu juu ya adhabu.

Sambamba na barabara hiyo, kwa sehemu kubwa ya safari, imelala reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ni reli kongwe kuliko zote Tanzania Bara, na imepita palepale wanapolala watumishi hawa. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejea Desemba 2019, ilipita Korogwe. Hakuna, hata hivyo, treni ya alfajiri inayomfikisha muuguzi Tanga kabla ya zamu yake.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzishiwa treni ya mjini, ile iliyopachikwa jina la waziri wa wakati ule, Mwakyembe, ikivutwa na vichwa vya dizeli kwenye reli za zamani. Tena wenye magari wamekwisha kuichangia reli: tozo ya maendeleo ya reli ilipoanzishwa mwaka 2015 ilikuwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na IST ya mtu wa Muheza ilikuwa mojawapo ya bidhaa hizo.

Wabunge wa Tanga, Muheza na Korogwe wana nafasi ya kuliuliza jambo hili bajeti ya Wizara ya Uchukuzi inapojadiliwa. Waulize gharama ya treni moja ya dizeli yenye mabehewa manne, inayoondoka Korogwe saa kumi na moja alfajiri, ikapakia Mnyusi, Muheza, Ngomeni na Pongwe, na kurudi jioni. Na waombe jibu kwa tarakimu, ili tulilinganishe na lita 286.