Makala za chuo zinauzwa kwa dola: mkutubi anasaidiaje?

Muhula ukianza, mhadhiri hutoa orodha ya vitabu na makala za kusoma. Mwanafunzi wa masomo ya mbali, mathalani wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, huifungua kwenye simu akiwa nyumbani kijijini. Anakuta makala moja inauzwa kwa dola, na wengi huishia hapo.

Kumbe huenda chuo chake kina haki ya kuisoma. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, mpango wa kuvipa vyuo na hospitali za nchi maskini majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata FAO ikaleta AGORA kwa upande wa kilimo. Leo mipango hiyo iko chini ya Research4Life.

Shida ni mlango. Ruhusa hupewa taasisi, na maktaba ndiyo inayoshika nywila. Mhadhiri akimpelekea mkutubi orodha mapema, mkutubi huangalia kipi kipo, kipi ni bure, na kipi kibadilishwe. Asipompelekea, anayesoma mbali na chuo ndiye anayeumia zaidi. Maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2018, ni fahari kweli, lakini viti vyake havifiki Kasulu.

Kama una kijana anayesomea nyumbani, msikilizaji, mwambie aipigie simu maktaba ya chuo chake kabla ya kulipia makala yoyote. Aulize: nikiwa nje ya chuo, naingiaje?