Kazi Haina Rangi

Wako watu wasemao, "Kampuni ni mali yangu, basi nitamwajiri nimtakaye na kumlipa nipendavyo." Ewe msomaji, yapime maneno haya kabla hujayakubali.

Ni kweli kwamba mali ni ya mwenyewe. Lakini bidhaa zake hupita katika barabara zilizojengwa kwa kodi ya wote. Makarani wake wamesomeshwa katika shule za umma. Na asipolipwa deni lake, hukimbilia mahakama ya nchi. Afaidiye vya wote hana budi kufuata haki ya wote.

Nchi yetu yaujua vizuri ubaguzi wa kazini. Zamani za ukoloni, rangi ya mtu ndiyo iliyopanga cheo na mshahara: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Tena tangu miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande ndani ya kikasha cha madini, na wengi walikining'iniza shingoni. Humo mwajiri aliandika mshahara wake. Mwajiri wa pili alisoma alicholipa wa kwanza, akajua jinsi ya kumpunja. Mzungu hakuchukua kitu cha namna hiyo.

Kipande kimekwisha, na sheria imebadilika. Sheria ya Ajira ya 2007 yamkataza mwajiri kubagua kwa ajili ya rangi, nayo yaamuru malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akishtaki, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 27, haiikatazi serikali peke yake. Yamkataza hata mtu binafsi.

Wengine hujibu kwa methali: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Husema kwamba mwenye ujuzi ataonekana tu. Lakini kizuri kitajiuzaje ikiwa mlango wa soko umefungwa? Kazi isiyotangazwa, ikapewa mtu kwa kunong'onezana, haimpimi mwenye ujuzi. Yampima mwenye jamaa. Basi kampuni itangaze nafasi hadharani, iweke masharti kabla ya kuwaona waombaji, iandike sababu ya kumkataa kila mmoja, na kulinganisha mishahara ya wafanyao kazi moja. Mwenye haki haogopi daftari lake kusomwa.

Nawe msomaji, kesho utakuwa karani, fundi, au meneja mwenye kalamu ya kuajiri. Usiseme, "Zamani walitubagua, sasa ni zamu yetu." Dhuluma haiwi haki kwa kubadilisha mikono. Ajapo mbele yako mwombaji, awe mweusi, mweupe au Mhindi, uliza neno moja tu: Je, kazi hii aiweza?